Baraza la kata limeitangulia bodi ya kampuni

Mandewa ni kata ya Manispaa ya Singida, na walio nje ya mkoa wanaifahamu zaidi kwa sababu ndipo ilipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Hakuna anayetarajia mjadala wa bodi za makampuni uanzie huko. Makao makuu ya mabenki yako Dar es Salaam, soko la hisa liko hukohuko, na wakurugenzi wanaopita Singida wengi wao wako safarini kwenda Mwanza. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo Mandewa, kama kata nyingine yoyote ya Tanzania Bara, inalo na ambalo bodi ya kampuni kubwa kuliko zote nchini haidaiwi kuwa nalo. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 inataka baraza la kata liwe na wajumbe wasiopungua 4 na wasiozidi 8, na kati yao watatu wawe wanawake. Haikuishia kwenye orodha ya majina. Inasema wanapoketi kusuluhisha shauri wawe watatu, na angalau mmoja wao awe mwanamke. Nayo Sheria ya Mabaraza ya Kata ya 1985 inataka wajumbe hao wawe wakazi wa kata yenyewe. Mwaka uleule wa 2002, Bunge lilelile lilipitisha Sheria ya Makampuni. Humo kampuni ikatakiwa iwe na wakurugenzi wasiopungua wawili. Wawe wanaume watupu, wawe wote wametoka mji mmoja wa Ulaya, sheria haina neno.

Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Miaka ya 1990, sheria za ardhi zilipokuwa zinaandikwa, vyama vya wanawake vikiratibiwa na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, viliunda kikosi kazi na kulisukuma Bunge. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: wanaolima ni wanawake, basi wanaoamua ugomvi wa mashamba wasiwe wanaume peke yao. Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaweka watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake. Halmashauri ya kijiji nayo ina robo yake, na Bunge lina asilimia 30 iliyoandikwa kwenye Katiba. Benki, kampuni ya simu, kiwanda cha bia na mgodi havikuguswa kwa sababu vilihesabiwa kuwa mali ya wenyewe, na mwenye mali humweka amtakaye. Hapo ndipo ninapotofautiana na hesabu hiyo. Lakini sitatumia hoja inayosikika zaidi kwenye makongamano ya hotelini, kwamba bodi yenye wanawake na wageni huleta faida kubwa. Ushahidi wake ni dhaifu kuliko wasemaji wanavyotaka tuamini, na anayejenga juu yake atabomolewa na mhasibu wa kwanza atakayesimama kuuliza swali.

Tuanze na Norway, kwa kuwa huko ndiko jambo hili lilikojaribiwa kwa nguvu. Sheria ilipitishwa mwaka 2003, na ilipofika Januari 2008 kila kampuni ya hisa za umma ilitakiwa iwe na angalau asilimia 40 ya kila jinsia kwenye bodi, la sivyo ivunjwe. Kabla ya hapo wanawake hawakufika hata mmoja kwa kila wakurugenzi kumi. Wachumi Kenneth Ahern na Amy Dittmar wakachapisha mwaka 2012 utafiti uliodai thamani ya makampuni ilishuka. Wenzao, Espen Eckbo, Knut Nygaard na Karin Thorburn, wakairudia hesabu ileile kwa njia nyingine na hawakuona anguko lenye uzito. Kabla ya wote hao, mwaka 2006, Trond Randøy na wenzake walikuwa wamezitazama kampuni kubwa za Denmark, Norway na Sweden, wakapima jinsia, umri na uraia wa wakurugenzi, na hawakukuta athari yoyote ya maana kwenye bei ya hisa wala kwenye faida. Ukiyaweka yote pamoja unapata jibu lisilofurahisha upande wowote: kuchanganya bodi hakuiui kampuni, wala hakuitajirishi. Mwenye kutaka kuendelea na bodi ya wanaume watupu hawezi kujificha nyuma ya faida, na mwenye kutaka kuibadilisha hawezi kuahidi gawio.

Kwa hiyo lazima tuulize bodi ipo kwa kazi gani. Haiendeshi kampuni, hiyo ni kazi ya menejimenti. Bodi hukutana mara chache kwa mwaka, huletewa makabrasha, na kazi yake halisi ni kuuliza maswali ambayo mtendaji angependa yasiulizwe. Mtu huuliza lile analolijua. Bodi ya watu waliosoma pamoja, wakafanya kazi wizara moja na wanaokaa mtaa mmoja itakuwa na maswali yaleyale kumi, na mtendaji mjanja atakuja na majibu yake kumi tayari. Chukua hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo huwa na bodi ya ushauri. Kabrasha likisema wodi ya wazazi imekamilika, mjumbe mmoja atauliza gharama, mwingine atauliza mkandarasi, na wote wako sahihi. Aliyewahi kulala kwenye wodi hiyo atauliza maji ya kuogea baada ya kujifungua yanatoka wapi saa nane za usiku, na ndugu aliyekuja na mgonjwa kutoka wilaya za Mkalama au Iramba analala wapi. Hayo si maswali ya huruma. Ni ya matumizi ya fedha, maana wodi isiyo na maji ni fedha iliyolala.

Kwamba aliyekaa kwenye kiti hubadili uamuzi si nadharia tu. Mwaka 1993 India ilibadili katiba yake na kutenga theluthi ya nafasi za uenyekiti wa halmashauri za vijiji kwa wanawake, na vijiji vya kupewa zamu hiyo vikachaguliwa bila upendeleo, kama kura ya bahati. Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, walifuatilia halmashauri 265 katika Bengali Magharibi na Rajasthan na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Walipokaa wanawake, fedha zilikwenda zaidi kwenye mambo ambayo wanawake wa vijiji hivyo walikuwa wakiyalalamikia, na la kwanza lilikuwa maji ya kunywa. Kwa mkoa kama Singida, ambako mvua ni chache na kiangazi ni kirefu, matokeo hayo hayahitaji mfasiri. Tena wanawake wale hawakuwa wasomi kuliko wanaume waliowapisha. Wengi walikuwa na elimu ndogo zaidi. Walichokuwa nacho ni kulijua tatizo, pamoja na kiti chenye mamlaka ya kugawa fedha.

Mamlaka, nasema, na si kiti peke yake. Hapa ndipo wapiga debe wa usawa na wapinzani wao wanapofanya kosa moja, la kuhesabu nyuso. Swali linalofaa ni nani aliyempeleka mjumbe pale, na je, akisema hapana leo, kesho atakuwepo? Mwanamke aliyewekwa na mwenyekiti kwa hisani ya mwenyekiti atamwangalia mwenyekiti kabla ya kunyoosha mkono. Mwanaume katika hali hiyo atafanya vilevile. Na hakuna mahali ambapo jambo hili linaonekana wazi zaidi kuliko kwenye suala la uraia.

Bodi za makampuni makubwa ya Tanzania zina wageni, tena si haba. Lakini tazama walivyofika. Mabenki yalitaifishwa Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, na kwa miongo mitatu Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, ikawa ya umma. Mwaka 1997 ikagawanywa, zikatoka humo NBC mpya na benki ya NMB. Mwaka 2000 asilimia 55 ya NBC ilikwenda kwa ABSA ya Afrika Kusini, Serikali ikabaki na 30, na Shirika la Fedha la Kimataifa likachukua 15. Mwaka 2005 Rabobank ya Uholanzi na washirika wake wakanunua asilimia 49 ya NMB. Wageni waliingia kwenye meza za bodi wakifuata fedha zao, na hilo ni haki ya mwenye hisa. Ila mtu wa namna hiyo asiitwe alama ya uanuwai. Ametumwa na kampuni mama, anaripoti kwa kampuni mama, na maslahi ya kampuni mama yakigongana na ya mteja wa Singida, inajulikana atasimama wapi. Mgeni mwenye thamani tofauti ni yule anayealikwa kwa sababu amewahi kuendesha benki ya wakulima Kenya au kampuni ya bima Uganda, hana hisa, hana bosi kwenye chumba kile, na anaweza kusema kwamba jambo mnalolifanya sisi tulilifanya likatushinda. Miongozo ya utawala bora ambayo Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana iliitoa mwaka 2002 kwa makampuni yaliyoorodheshwa inataka angalau theluthi ya wakurugenzi wawe huru. Uhuru huo ndio mlango ambao mwanamke na mgeni wangeweza kuupitia wakiwa na sauti yao wenyewe. Kwa bahati mbaya mlango huo mara nyingi hupitiwa na mstaafu anayefahamika na kila mtu.

Atakuja mtu aseme kwamba Watanzania wenyewe hawajatosha kwenye bodi, sasa mnataka wageni zaidi? Pingamizi hili lina mizizi na halifai kubezwa. Nchi iliyotaifisha mabenki ili iyaendeshe yenyewe haiwezi kulaumiwa kwa kuhesabu nani anakalia viti. Tatizo ni namna hesabu hiyo inavyofanywa. Aprili 2018 kampuni ya simu ya Vodacom Tanzania, ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imeuza kwa umma asilimia 25 ya hisa zake, ilimtangaza Sylvia Mulinge, Mkenya aliyekuwa mtendaji wa Safaricom, kuwa mkurugenzi mtendaji wake. Akanyimwa kibali cha kazi. Ilipofika Oktoba mwaka huo ilikuwa imethibitika kwamba anabaki Safaricom. Aliyeshika nafasi hiyo na kuthibitishwa mwaka 2019 ni Hisham Hendi, raia wa Misri. Mulinge akaja kuiongoza MTN Uganda mwaka 2022. Sina sababu ya kudhani Hendi hakustahili. Ninachosema ni kwamba kama lengo la kumzuia jirani lilikuwa kumwinua Mtanzania, hakuna Mtanzania aliyeinuliwa. Tulimkosa mwanamke wa Afrika Mashariki, anayezungumza Kiswahili, na kiti kikaenda kwa mgeni wa mbali zaidi. Uamuzi ukifanywa kwa kumtazama mtu mmoja pasipo kanuni inayojulikana, huishia kuzaa kinyume chake.

Na uraia peke yake hautoshi hata ukizingatiwa kikamilifu. Mkoani Singida, wilaya ya Ikungi, kuna mgodi wa dhahabu uliotoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2023. Mmiliki wake, Shanta Gold, wakati huo alikuwa na hisa zake kwenye soko dogo la London na usajili wake ulikuwa kisiwani Guernsey, hadi mwaka 2024 aliponunuliwa na Saturn Resources. Tangu mabadiliko ya Sheria ya Madini ya 2017, Serikali inapaswa kuwa na angalau asilimia 16 ya hisa katika migodi mikubwa na ya kati, bila kuzilipia. Ni hatua kubwa, na ni kwa njia hiyohiyo kampuni ya dhahabu ya Barrick na Serikali walikuja kuunda kampuni ya Twiga kwa mgawo wa 84 kwa 16. Lakini hisa za Serikali huleta mjumbe wa Serikali. Mtumishi aliyetumwa kutoka Dodoma ni Mtanzania, ndiyo, na jukumu lake ni kuangalia mrabaha, kodi na gawio. Mama wa Mang'onyi ambaye njia yake ya kisimani imekatwa na uzio hana mtu wa kumuulizia. Kumbuka sharti la baraza la kata: mkazi wa kata. Sheria ya 1985 ilielewa jambo ambalo mjadala wetu wa wazawa na wageni haujalielewa, kwamba mtu anaweza kuwa wa taifa lako na bado akawa mgeni wa tatizo lako.

Sasa lile pingamizi kubwa, la sifa. Bodi, wanasema, si ukumbi wa uwakilishi; anayesoma mizania ndiye akae, awe nani. Nakubaliana na nusu ya kwanza. Asiyeweza kusoma mizania asikae, wala mstaafu asiyejua mizania asikae kwa kuwa aliwahi kuwa kigogo. Lakini tukiulizana sifa hizo hupimwaje, jibu huwa dogo. Nafasi za bodi nyingi hazitangazwi. Jina hutajwa na anayemfahamu mwenye jina, na wanaofahamiana walikutana mahali ambapo wanawake walikuwa wachache tangu mwanzo. Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, kimekuwa kikiendesha mafunzo ya uongozi kwa wanawake, pamoja na kazi za bodi, kwa kushirikiana na wenzao wa Norway, na wahitimu wapo. Ukosefu wa watu, kama uliwahi kuwa sababu, umekwisha kuwa kisingizio. Na kwa anayedhani nidhamu ya fedha hujifunzwa ofisini tu, aende kwenye kikoba chochote cha Singida siku ya kukutana. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na halifunguki hadi wote wawepo mbele ya wanachama. Fedha huhesabiwa kwa sauti. Anayekopa hujieleza mbele ya watu wanaoijua biashara yake kuliko ofisa mikopo yeyote. Wanachama wengi ni wanawake. Huo ni utawala bora uliokamilika: madaraka yaliyogawanywa, ukaguzi wa papo kwa papo, na hakuna anayeweza kujifungia ndani na sanduku peke yake. Bodi nyingi zenye kiyoyozi zingeshindwa mtihani huo.

Kuna pingamizi lingine linalosemwa kwa sauti ya chini, nalo naliogopa zaidi. Tukiweka kiwango, nani atanufaika? Norway ilishuhudia wanawake wachache wakijaa kwenye bodi nyingi kwa mpigo. Hapa kwetu hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa duara ni dogo. Tunaweza kupata asilimia 30 kwa majina kumi yanayozunguka kutoka benki hadi bima hadi simu, wote wa Masaki na Oysterbay jijini Dar es Salaam, na mama wa alizeti wa Singida asione tofauti. Hilo linawezekana kabisa. Lakini dawa yake ni kuweka ukomo wa bodi ambazo mtu mmoja anaweza kuzikalia na kudai kila kampuni iandike kwenye ripoti yake ya mwaka kila mjumbe alipendekezwa na nani. Anayeona ubaya wa duara dogo la wanawake na hajawahi kuona ubaya wa duara dogo la wanaume, hoja yake ina shida mahali pengine.

Duara hilo hubanwa mapema sana, kabla hata bodi haijafikiriwa. Vyama vya ushirika vya mazao ni mfano ulio karibu na Singida. Alizeti na vitunguu vya mkoa huu hupaliliwa, huvunwa na kupukuchuliwa kwa mikono ya wanawake kwa sehemu kubwa. Bodi ya chama huchaguliwa na wanachama kutoka miongoni mwa wanachama. Mara nyingi jina linaloandikwa kwenye daftari la uanachama ni la mume, kwa sababu shamba linatajwa kwa jina lake na malipo huchukuliwa na yeye. Mke si mwanachama, basi si mpiga kura, basi hawezi kugombea. Hakuna aliyemkataza kwa maneno. Unaweza kuandika asilimia 40 juu ya mlango wa bodi ya chama hicho na usipate wa kuijaza, kisha ukaambiwa kwamba wanawake hawajitokezi. Kinachohitaji kubadilishwa hapo ni daftari: uanachama wa mke na mume kwa shamba moja, na malipo yatoke kwa majina mawili.

Nikirudi kwenye sheria, kinachotenganisha kanuni hai na mapambo ni adhabu. Kenya iliandika kwenye Katiba yake ya 2010, ibara ya 27, kwamba chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa kisiwe na zaidi ya theluthi mbili za jinsia moja. Bunge lake likashindwa kutunga sheria ya kutekeleza, mahakama zikaagiza, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge. Halikuvunjwa. Norway ilikuwa na adhabu ileile kwa makampuni, na tarehe ilipokaribia makampuni yakatii, mengine yakakimbilia kubadili aina ya usajili ili yasiguswe, jambo linaloonyesha kwamba walau waliamini tishio lile. Na Tanzania? Tanzania ina mfano mzuri kuliko wote wawili, ila umejificha kwenye majalada ya ardhi. Mahakama Kuu, na hata Mahakama ya Rufani, zimewahi kufuta maamuzi ya mabaraza ya kata kwa sababu kumbukumbu hazikuonyesha kwamba baraza liliundwa inavyotakiwa, pamoja na idadi ya wanawake. Mtu ameshinda kesi ya shamba, ameshinda rufaa, kisha kila kitu kinaanguka kwa kuwa karani hakuandika nani walikuwepo. Ni maumivu kwa aliyeshinda, sikatai. Lakini matokeo yake ni kwamba kila mwenyekiti wa baraza alijua kuwa kuketi bila wanawake ni kufanya kazi bure.

Siendi mbali kiasi cha kusema kwamba mabaraza hayo ni pepo ya usawa. Mwaka 2021 mabadiliko ya sheria yaliyaondolea mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakabaki na usuluhishi tu. Pande zisipopatana ndani ya siku 30 shauri linakwenda baraza la ardhi la wilaya. Zipo sababu za kisheria za hatua hiyo, na baadhi ni za haki. Ila ni vyema kulisema: wanawake watatu wa kila kata bado wako kwenye viti vyao, lakini meno ya viti hivyo yameng'olewa. Ikiwa tutayaingiza makampuni kwenye kanuni hii, tuwe macho na mchezo wa namna hiyo, ambapo bodi inajazwa sura mpya huku maamuzi yakihamia kwenye kamati ndogo ya watu wanne walewale. Kamati ya ukaguzi na kamati ya uteuzi ndizo za kuhesabiwa kwanza. Ruth Zaipuna amekuwa mtendaji mkuu wa NMB tangu 2020, na nchi ina Rais mwanamke tangu Machi 2021. Mifano ya kileleni tunayo. Tunachokosa ni kanuni ya kawaida kwa ajili ya mkutano wa kawaida.

Nani ataidai? Si lazima tusubiri Bunge. Muuguzi wa hospitali ya Mandewa aliye mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake kila mwezi, na mwajiri huongeza 15, zinakwenda Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF. Mfuko huo ni miongoni mwa wanahisa wakubwa wa benki ya CRDB. Vivyo hivyo kwa mwalimu wa shule ya msingi na ofisa ugani wa alizeti. Tukijumlisha, wafanyakazi wa mikoani ni wenye mali wa makampuni ya Dar es Salaam kuliko wanavyojua, na ile hoja kwamba mwenye mali humweka amtakaye inageuka na kuwa yao. Mfuko wa pensheni unaokwenda kwenye mkutano mkuu wa mwaka una uzito wa kuuliza mambo matatu: majina haya yamependekezwa na nani, wangapi kati yao hawana deni kwa mwenyekiti, na kwa nini akidi ya bodi isiwe kama ya baraza la kata, kwamba kikao bila mwanamke si kikao. Wadhamini wa mfuko wakikaa kimya, vyama vya wafanyakazi vyenye wawakilishi miongoni mwao vina pa kuanzia.

Kanuni hiyo ya akidi inaandikwa kwenye katiba ya kampuni. Kuibadilisha kunahitaji azimio maalumu: notisi ya siku 21 na robo tatu ya kura zitakazopigwa. Robo tatu si rahisi pale mwenye hisa mkubwa asipotaka, na katika kampuni nyingi itashindikana mara ya kwanza na ya pili. Lakini kura ya azimio huhesabiwa na kuandikwa, na mwenye hisa mkubwa atakayekataa atalazimika kukataa hadharani, mbele ya wanahisa wadogo na waandishi wa habari, akieleza kwa nini bodi yake isitakiwe kufanya lile ambalo baraza la kata ya Mandewa limetakiwa kulifanya kwa sheria ya 2002.